Pima Somo kwa Simu Dhaifu Kuliko Zote

Mwaka 2014 niliandika kwa mkono wangu tangazo la maneno matatu, nikalibandika kwenye mlango wa ukumbi wa mihadhara: ZIMA SIMU YAKO. Nilikuwa na miaka miwili tu ya kufundisha Takwimu chuoni, na niliamini simu ni kama inzi: akitua mmoja, sahani nzima imeharibika. Wiki ya pili ya muhula nikamwona kijana amesimama nje ya dirisha, maana viti vilikuwa vimejaa, simu kaiinua usawa wa macho. Nikakatisha somo, nikatoka nje, nikamnyang'anya mbele ya wenzake wote.

Jioni alikuja ofisini. Alipiga hodi, akaingia, akabaki amesimama karibu na mlango. "Shikamoo, madam. Naomba unisamehe." Nikamuuliza alikuwa anarekodi nini. Akasema harekodi, anasoma. Macho yake hayaoni mbali, miwani hana, na akiwa pale dirishani ubao wote ni ukungu. Kwa hiyo alikuwa anaukuza ubao kwa kamera mpaka fomula zionekane, ananakili mstari mmoja, kisha anainua simu tena.

Nilimrudishia simu yake nikamwomba radhi. Kesho yake asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika, nilibandua lile tangazo.

Tangu siku ile nimefundisha maelfu ya vijana, na simu haijawahi kutoka darasani mwangu. Nimeiona ikimbeba mwanafunzi aliyekuwa anazama, na nimeiona ikimzamisha mwingine. Katika miaka yote hiyo nimeshika kanuni moja, nayo ndiyo inayonifanya niandike makala hii: somo la simu lipimwe kwa simu dhaifu kuliko zote darasani. Likifunguka kwenye simu hiyo, litafunguka kwa wote. Likipimwa kwa simu ya mwalimu, tutakuwa tumewafundisha wale ambao wangefaulu hata bila sisi.

Video iliyomaliza bando la wiki

Kanuni hiyo niliipata kwa kukosea. Tarehe 17 Machi 2020 serikali ya Tanzania ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, na kesho yake vyuo navyo vikafungwa. Vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni. Kwa zaidi ya miezi miwili wanafunzi wangu walikuwa wametawanyika nchi nzima, mmoja Tandahimba, mwingine Mpanda, mwingine Pemba. Niliona aibu kukaa nyumbani huku somo limekatikia njiani. Nikaegemeza simu yangu kwenye rundo la vitabu, nikajirekodi video ya dakika 50 nikifundisha mkengeuko sanifu, nikampa CR, yaani kiongozi wa darasa, aisambaze.

Wiki ikapita kimya. Kisha akanipigia binti mmoja kutoka Ukerewe. "Shikamoo, madam. Video yako nimeitazama dakika kumi na mbili, halafu bando la wiki likaisha. Naomba uniambie hizo dakika zilizobaki ulisema nini."

Nikamweleza papo hapo, kwa Kiswahili, bila ubao wala picha. Nilitumia kama dakika tisa. Akanirudishia maelezo kwa maneno yake mwenyewe, na alikuwa ameelewa. Nilipokata simu nilikaa muda mrefu nikiitazama ile video niliyoihangaikia siku mbili.

Inafaa kila mzazi na kila mwalimu ajue kwa nini bando lile liliisha. Video ni picha nyingi zinazopita mbele ya macho kwa kasi, kwa kawaida 25 au 30 kila sekunde, na zote lazima zisafiri hewani mpaka zifike kwenye simu. Saa moja ya video ya ubora wa kati inaweza kumeza MB 300 na zaidi, na ya ubora wa juu ikavuka GB 1. Sauti ya mtu anayezungumza ni nyepesi mno. Saa nzima ya ujumbe wa sauti, ule wa kubonyeza kipaza sauti WhatsApp, inakuwa kama MB 10 hivi. Maandishi ni mepesi zaidi. Kurasa 20 zilizochapwa kwenye kompyuta zinaweza kukaa ndani ya MB 1, ila kurasa hizohizo ukizipiga picha mojamoja kwa simu, kila picha MB 2 au 3, unampelekea mwanafunzi mzigo wa MB 40 hadi 60. Madesa mengi yanayozunguka vyuoni ni ya aina hiyo ya pili: picha za kopi zilizotolewa kwenye kopi nyingine, nzito kupakua na hazisomeki.

Mwanafunzi anayeishi kwa bumu la Bodi ya Mikopo hupiga hesabu ya chakula, kodi ya geto, nauli na steshenari kabla hajafikia bando. Mwalimu anapotuma video ya GB 1 bila kufikiri, amemwandikia kijana huyo bili bila kumuuliza.

Simu ya elfu arobaini

Vyuo vilipofunguliwa, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Sikutumia fomu ya mtandaoni, maana nisingewapata walewale niliokuwa nawatafuta. Asiye na intaneti hawezi kujibu kwenye intaneti kwamba hana intaneti. Niligawa karatasi. Niliuliza una simu ya aina gani, kioo chake kina ukubwa gani, kumbukumbu imebaki kiasi gani, unachajia wapi, na nani mwingine anaitumia.

Majibu yalinifundisha mengi kuhusu darasa nililodhani nalijua. Wengi walikuwa na simu janja, lakini kumbukumbu imejaa kiasi kwamba kupakua somo jipya ni lazima ufute picha za nyumbani. Wengine simu ilikuwa yao mchana tu, usiku ni ya kaka au ya mume. Wachache walikuwa na simu za vitochi na walikuwa wanaficha. Kulikuwa na mmoja mwenye laini tatu na simu moja, akizibadilisha kufuata ofa.

Huyo wa laini tatu nimekuwa nikimtaja darasani kila mwaka. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, huhesabu laini, na mwaka 2023 ulipokwisha zilikuwa zaidi ya milioni 70. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, vichanga wakiwemo. Anayetazama namba hizo mbili harakaharaka atasema simu zimetapakaa kupita watu, kwa hiyo tufundishe kwa simu. Mwanafunzi wa Takwimu anapaswa kuuliza kwanza: laini ngapi ni za mtu mmoja, ngapi zimo kwenye kitochi, na ngapi zina salio leo?

Nilipomaliza kusoma zile karatasi nilikwenda kwa fundi simu mjini nikamwambia naomba simu mbovu kuliko zote ambayo bado inawaka. Aliniuzia shilingi 40,000. Kioo kilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona, kumbukumbu ya kazi GB 1, na ukiiwekea programu mbili tu inaanza kukwama. Tangu hapo, kila Jumapili jioni, ninafungulia somo la wiki kwenye simu hiyo kabla sijalituma. Lisipofunguka, halitumwi.

Simu hiyo ilinionyesha makosa ambayo kompyuta yangu ilikuwa inayaficha. Jedwali langu la safu nane lilikuwa linakatika, mwanafunzi anaona safu tatu na nyingine zimepotelea pembeni. Ukurasa uliopangwa kwa safu mbili, kama wa gazeti, ulimlazimu msomaji asukume kulia, arudi kushoto, ashuke, apande tena, mpaka asahau sentensi ilianzaje. Nikaandika upya nukuu zote za muhula: safu moja, herufi kubwa, jedwali lisizidi safu tatu, kila mada faili moja fupi. Mihadhara ya maneno nikaigeuza sauti za dakika tano hadi saba. Muuguzi mmoja aliyekuwa anasoma huku akifanya kazi aliniambia alikuwa anazisikiliza asubuhi kwenye daladala akitoka zamu ya usiku, simu iko mfukoni na macho kayafumba. Mwingine, mama wa watoto wawili, alizisikiliza akipika.

Jambo la pili lilikuwa kujifunza kupakua mapema. Vyuo vingi duniani, na vyetu pia, huweka masomo kwenye mfumo uitwao Moodle. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002, na aliyeuanzisha ni Martin Dougiamas wa Australia. Huyo mtu alikulia jangwani, Australia Magharibi, mahali ambapo shule ilikuwa mbali mno kufikika, hivyo alisoma utotoni kwa redio ya masafa mafupi. Nilipolijua hilo nilielewa kwa nini programu ya simu ya mfumo huo inamruhusu mwanafunzi kupakua somo zima akiwa penye mtandao, kisha alisome nyumbani bila mtandao kabisa. Wanafunzi wangu hupakua Ijumaa mchana kwa Wi-Fi ya chuo, kabla ya kurudi mageto. Jumamosi wanasoma bila kugusa bando.

Redio ya baba

Nilipomsimulia baba mambo haya, huko Njombe, hakushangaa. Akaniuliza kama nimewahi kusikia kampeni ya Mtu ni Afya.

Ilikuwa mwaka 1973. Kwa wiki 12 Redio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza masomo ya afya, kuhusu malaria, maji safi, vyoo na magonjwa ya tumbo, na watu wapatao milioni 2 nchi nzima walijiunga na vikundi vya kusikiliza. Baba alikuwa kiongozi wa kikundi kimoja. Redio yao ilikuwa National ya betri, iliyowekwa juu ya kiti, watu wakaizunguka. Kipindi kikiisha, inazimwa kulinda betri. Hapo ndipo kazi inaanza. Anayejua kusoma anasoma kitabu cha kampeni kwa sauti, watu wanabishana, kisha wanaamua nini kifanyike kabla ya wiki ijayo. "Redio ikishazimwa," baba aliniambia, "ndipo tulipochimba vyoo."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye magrupu yangu ya WhatsApp. Nilipoanza kuyatumia, grupu moja lilikuwa haliruhusu zaidi ya watu 256, na darasa langu lilizidi 400, hivyo nilikuwa nayo mawili. Nikituma sauti ya somo, zinashuka "asante madam" mia mbili mfululizo, na swali hakuna hata moja. Mwenye swali angeuliza vipi mbele ya kundi kubwa hivyo, tena kwa Kiingereza cha kubabaisha? Baadaye kikomo cha grupu kilipandishwa hadi watu 512, kisha 1,024, lakini kilichokosekana hakikuwa nafasi.

Nikafuata njia ya baba. Nililigawa darasa katika vikundi vya watu wanane wanaokaa jirani, hosteli moja au mtaa mmoja. Kila kikundi kina angalau simu mbili nzuri, na mwenye kitochi anawekwa kikundi kimoja na mwenzake wa chumba cha pili. Jumatano jioni wanakutana ana kwa ana. Simu moja inawekwa katikati na kufunguliwa spika, wanasikiliza, inazimwa, kisha wanafanya maswali kwenye daftari. Mwishoni wanakubaliana swali moja lililowashinda, na kiongozi ananitumia. Badala ya ukimya wa watu 400, ninapata maswali kama hamsini yaliyokwishachujwa kwa mabishano. Mwenye kitochi hapungukiwi kitu, kwa sababu somo halipiti tena kwenye simu yake peke yake.

Ndani ya zile sauti ninazungumza Kiswahili. Mihadhara yetu ni ya Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo kila istilahi naitaja pia kwa jina ambalo mwanafunzi atakutana nalo kwenye karatasi ya mtihani. Lakini kuelewa kwenyewe, kule kushtuka kwa "kumbe!", nimeona kunakuja haraka mtu anapoelezwa kwa lugha aliyozoea kubishania.

Sado la nyanya

Kwa miaka kadhaa nilidhani kazi ya simu ni kumfikishia mwanafunzi somo. Wanafunzi wangu waliokuwa makarani wa sensa walinifungua macho. Sensa ya Agosti 2022 ilifanyika kwa vishikwambi: karani anaingiza majibu kwenye kifaa papo hapo badala ya kujaza karatasi. Baadaye vishikwambi hivyo vikagawiwa walimu. Vijana wale waliporudi chuoni walizungumzia makosa ya data, majibu yasiyowezekana na kaya zisizo na mtu nyumbani kwa ufasaha ambao mihadhara yangu haikuwahi kuwapa. Walikuwa wameishika Takwimu mikononi.

Nikajiuliza kwa nini wengine wasubiri sensa ijayo. Zipo programu za bure za kukusanya data kwa simu ya kawaida. Mojawapo, ODK, ilianzia Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani mwaka 2008, na nyingine, KoboToolbox, imejengwa juu ya kazi hiyo. Zote zinafanya kazi bila mtandao. Unajaza fomu ukiwa sokoni, inakaa ndani ya simu, ukifika penye mtandao unaituma. Fomu yenyewe ni maandishi matupu, uzito wake hauhisiki kwenye bando.

Kazi niliyowapa ni bei ya nyanya. Kila kikundi kichague masoko mawili, kiandike bei ya sado moja kwa siku kumi, saa ileile kila siku. Kabla ya kuuliza, wajitambulishe kwa muuzaji na kuomba ruhusa, na picha ya mtu isipigwe bila idhini yake. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na adabu ilikuwepo kabla ya sheria.

Kikundi kimoja kilirudi kimechanganyikiwa. Masoko yao yote mawili yalitoa wastani wa karibu shilingi 4,000 kwa sado. "Madam, hakuna tofauti." Nikawaambia warudi kwenye siku mojamoja. Soko la kwanza bei ilikuwa 3,800, 4,000, 4,200, haiendi mbali. Soko la pili leo 2,500, kesho 5,500. Kisha binti mmoja akakumbuka alichoambiwa na mama ntilie aliyekuwa ananunua: "Kule siendi. Nitapangaje bei ya wali maharage wakati sijui kesho nyanya itaniuma vipi?"

Mama ntilie yule hajawahi kusikia neno mkengeuko sanifu, na alikuwa ameueleza kuliko kitabu. Mkengeuko ni kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Wastani mmoja unaweza kuficha soko tulivu na soko lenye homa. Sijawahi tena kulirudia somo hilo mara mbili kwa darasa lililokwenda sokoni.

Jumapili mkongo ulipokatika

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, intaneti ilidorora ghafla Tanzania, Kenya, Uganda na kwingine katika ukanda wetu. Mikongo miwili ya chini ya bahari, SEACOM na EASSy, ilikuwa imepata hitilafu upande wa Afrika Kusini. Mikongo hiyo ndiyo iliyotuletea intaneti ya kasi, mmoja mwaka 2009 na mwingine 2010, na siku ile tulijua ni kiasi gani tunaiegemea. Wiki hiyo darasa langu lilikuwa linajiandaa na jaribio.

Jumatatu nilikwenda chuoni nikiwa na hofu. Nikakuta vikundi vimekaa chini ya miti vikijiandaa na jaribio. Masomo yalikuwa yameshapakuliwa Ijumaa. Aliyekosa alirushiwa na mwenzake kwa bluetooth, bila intaneti yoyote. Kitu kilichositishwa kilikuwa kutuma maswali kwangu, nao wakayaleta kwenye vikaratasi. Jaribio lilifanyika siku yake.

Pale simu inapodhuru

Sitakuwa mkweli nikiishia kwenye mazuri. Simu ileile iliyobeba somo ndiyo inayobeba mkeka wa kubeti na umbea wa hosteli, na vyote vinalia kengele moja. Nimemwona kijana mwenye akili sana akipoteza bumu lote la robo kwenye kubeti, akafeli kwa njaa kabla ya kufeli kwa hesabu. Ndiyo maana Jumatano simu inayowaka ni moja tu, iliyo katikati, na saba zilizobaki zinakaa mifukoni.

Kosa nalo husafiri. Muhula mmoja nilirekodi sauti usiku nikiwa nimechoka, nikasema kwamba tukikadiria mkengeuko kutokana na sampuli tunagawanya kwa idadi ya vipimo, wakati tunapaswa kugawanya kwa idadi hiyo tukiwa tumepunguza moja. Asubuhi nikagundua, nikatuma masahihisho. Sauti ya kwanza ilikuwa imeshafika hadi kwa madarasa nisiyoyafundisha. Nilikutana nayo kwenye karatasi za mtihani miezi mitatu baadaye, na sikuwaondolea alama walioandika vile, maana kosa lilikuwa langu. Sasa kila sauti inaanza kwa tarehe na namba ya toleo, na hairekodiwi baada ya saa tatu usiku.

Tangu mwisho wa mwaka 2022, ChatGPT ilipotoka, zimekuja pia programu zinazoweza kumwandikia mwanafunzi ripoti nzima. Nimepokea ripoti nyingi zenye sura moja, laini, zisizo na soko lolote ndani yake. Sikuzipiga vita programu hizo kwa tangazo mlangoni. Nimeshajifunza matangazo ya mlangoni yanafika wapi. Kila ripoti sasa inaambatana na sauti ya dakika mbili, ya mwanafunzi mwenyewe, kwa Kiswahili, akieleza ni namba gani iliyomshangaza na aliifanyia nini. Aliyekwenda sokoni huwa hakosi la kusema.

Mwalimu pia anachoka. Kulikuwa na kipindi nilijibu maswali saa sita za usiku kila siku, hadi mwanangu akaniuliza kama chuo kimehamia chumbani. Sasa ninajibu Jumatano na Jumamosi, wanafunzi wanajua, na hakuna aliyefeli kwa kusubiri.

Miwani na viti

Nina jambo la kuwaambia wanaoongoza vyuo. Mnapopanga kufundisha kwa simu, anzeni kwa kuzihesabu simu za wanafunzi wenu, kwa karatasi. Wekeni masomo kwenye seva iliyo ndani ya chuo, ili mwanafunzi ayapakue bila bando. Ongezeni soketi maktaba. Nimeona vijana wakigombea soketi moja kama wanagombea maji. Asiye na simu achapiwe nukuu bila kulazimika kujieleza. Na saa ambazo mwalimu anajibu wanafunzi kwa simu zihesabiwe kuwa ni saa za kazi.

Juu ya yote, simu isigeuzwe kisingizio. Kijana wa dirishani mwaka 2014 alikuwa mbunifu, nami humsifu kila ninapomkumbuka. Lakini alichohitaji kilikuwa miwani, na kiti ndani ya ukumbi. Simu yake ilikuwa inaziba pengo ambalo sisi tuliliacha wazi. Kila ninaposikia kwamba chuo fulani kinapokea wanafunzi zaidi kwa sababu "watasoma kwa simu", ninamwona yule kijana, mkono umemchoka, ameinua kioo kidogo kati yake na ubao.

Mwezi wa kumi kila mwaka, darasa jipya linapoanza, ninasimama mbele na ile simu yangu yenye ufa. Ninawaambia kwamba hii ndiyo mizani ya somo letu, na kama kuna mwenye simu dhaifu kuliko hii aje, mizani ibadilike. Miaka ya mwanzo hakuna aliyejitokeza. Wanaona haya, na ninawaelewa.

Mwaka jana alisimama binti mmoja kutoka safu ya nyuma. Alishuka ngazi taratibu mbele ya macho ya watu 400, akaniwekea simu yake mezani. Mfuniko wa betri ulikuwa umefungwa kwa raba bendi, na kioo kilikuwa kidogo kuliko cha yangu. "Hii hapa, madam." Nikaliweka somo la kwanza ndani yake palepale. Ilichukua muda. Ukumbi mzima ulinyamaza ukisubiri, kisha sauti yangu ikatoka kwenye ile spika ndogo, ikikwaruza lakini inasikika, ikisema tarehe na namba ya toleo.

Jedwali la pili halikufunguka. Jioni hiyo nilikwenda nyumbani nikalipunguza safu moja.